Jina la Mama kwenye Kaye ya Keren

Kalemie, Jumapili, kisha misa

Dada Julienne, mukubwa wangu,

Pokea salamu, wewe na shemeji na watoto wote wa hapo Kabalo. Je, ule mugongo umekuacha? Siye huku hatujambo, Mungu anatulinda, ila upepo wa ziwa umeng'oa mabati mawili ya jikoni. Nyumba imekuwa kubwa, dada. Tangu bwana yangu alienda zake ni miye na Keren tu, na akiwa masomoni naongea na kuku.

Ulisema utakuja kumuchukua Keren masomo yakifunga. Nilikujibu kwa simu kwamba hakuna shida. Eh, dada, shida iko. Naandika kwa sababu kwa sauti ningelia.

Keren anasoma Kiingereza kila Jumamosi huku parokiani, kwa Papa Déogratias. Juma lile lingine aliwafundisha kama kuna majina ya wote na majina ya pekee. Muji ni muji wowote, Kalemie ni huu wetu. Na hili la pekee linapenda ukubwa, linaanza na herufi kubwa hata likiwa katikati ya maneno. Akawapa kazi ya kufanya nyumbani: penye ziwa waandike Tanganyika, penye mwalimu waandike Déogratias, penye mama waandike jina lake. Keren kwenye ukurasa wa kaye yake akaandika Mama tu, na M kubwa. Mwalimu alikata kwa wino mwekundu, akamutuma akaulize.

Akaja, akaniuliza miye kwa Kiingereza naitwa nani. Nilicheka, nikamwambia jina la mutu halibadiliki hata akivuka ziwa. Kisha akanipa biki niandike.

Niliishika ile biki mpaka sombe ikaungua chunguni. Hapa kwetu mama mudogo ni mama, hakuna anayeuliza zaidi. Ulimuacha hajajua kutembea. Mugongo alioujua ni wangu. Unakumbuka alivyokuita mama mukubwa kwa simu, ukacheka, ukasema pengine ni kwa sababu umenenepa? Si unene, dada. Ni miye nilimufundisha. Hakujua kama ni wewe ulimuzaa. Na ile siku mukono wangu uliandika jina langu, Philomène. Papa Déogratias akamupa pointi zote.

Jana nilimwambia ukweli wote. Hakulia. Alienda kuleta kaye na ileile biki, akasema nisahihishe mwenyewe. Nilishindwa, haki ya Mungu. Sikuzaa, dada, na hakuna kaye nyingine nitakayoandikwa.

Karatasi ile ya kaye nimeipasua, iko humu ndani ya barua. Papa Cyrille wa treni atakupa mukononi. Jina langu likate wewe, uandike lako juu. Halafu uje umuchukue, nguo zake nimeshafua.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mumoja mumoja. Dawa ya mugongo usiache. Nisamehe.

Ni miye mudogo wako,
Philomène,
mama mudogo wa Keren