Mtoni Mtondo

Alhamisi, 3 Oktoba

Meza yetu ya chakula imekuwa mali ya mlima. Ramani imetandikwa juu yake tangu juzi, pembe zake zimekandamizwa na vikombe vyangu vya chai, na sisi tunakula sahani zikiwa mapajani kama watu waliohamia jana. Kamanda hataki iguswe. Mimi ndiye ninayemwita Kamanda. Kazini wanamwita Mwalimu, maana anafundisha udereva. Amefundisha nusu ya mji huu kukanyaga breki, ya kwake mwenyewe hajui iko wapi.

Safari ni wazo la binti yetu. Waanzie kijiji cha juu, barabara inapoishia, wavuke mgongo wa mlima, washukie kijiji cha ng'ambo. Siku tatu kwa miguu. Baba na binti, wawili tu. Goti langu limeninyima ruhusa, na dukani kuna miwani ya watu.

Sijui kama nimefurahi au nimeogopa. Tangu mtoto aache chuo mwaka jana, baba yake anamwita "mwanao". Mwambie mwanao maji yamechemka. Muulize mwanao anarudi lini. Na mtoto amekaa palepale, anasikia kila neno! Sasa wanataka kulala hema moja. Haya.

Jumapili, 6 Oktoba

Wifi alikuja. Wifi wa damu, si ule wa intaneti — ule wa intaneti ukikuchosha unauzima. Akaiona ramani, akauliza watarudi kwa njia gani. Kamanda akamweleza: hawarudi, ndiyo raha yake. Wanatokea upande wa pili, wanapanda lori la huko kwenda mjini, wanazunguka mlima mzima kwa barabara.

Wifi akaweka kikombe chini. Safari ya kwenda bila kurudi? Kaka, maneno mengine hayatamkwi.

Kamanda akacheka. Mimi nilijifanya nafuta meza, na meza yenyewe haina nafasi ya kufutwa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Tatizo ni mto. Nilijua tu lazima kuna kitu.

Kabla ya kijiji cha ng'ambo kuna mto, na hauna daraja. Kuna mvushaji mwenye chelezo cha magogo, anakivuta kwa kamba. Asipokuwepo yeye, hakuna kuvuka. Kamba hailali mtoni, anaondoka nayo begani, wasimwibie. Haya yote tumeyapata kwa mwenye duka wa kijiji hicho. Ni mtu pekee huko mwenye simu inayoshika, tena akisimama mlangoni pa duka lake, si ndani. Kamanda amemwambia watafika mtoni Jumatatu ijayo mchana. Mwenye duka akasema atamfikishia mvushaji.

Nikauliza, na asipokuwepo? Kamanda akasema maji hayo si bahari. Kiangazi watu huvuka yakiwa magotini.

Hiki si kiangazi, nikamwambia. Mawingu unayaona.

Akasema mimi kazi yangu miwani, basi naona mbali mno. Binti akacheka. Baba yake naye akacheka kwa kuwa mwanawe amecheka. Nikaenda kuchemsha chai, nisije nikawaharibia.

Jumatano, 9 Oktoba

Tumegombana kweli leo. Chakula.

Nilipanga mikate mikavu, karanga, tende, maharage ya kopo. Nikaongeza cha siku mbili zaidi. Kamanda akakitoa chote, kimoja kimoja, kama anampekua mwizi. Uzito, anasema. Mtu anayebeba chakula cha kuchelewa ameshapanga kuchelewa.

Nikamuuliza, na mwenye kubeba mwavuli ndiye analeta mvua?

Akasema ndiyo.

Huyo ndiye mume wangu. Hajawahi kusubiri kitu kwa amani. Tukienda sokoni yeye yuko mbele, mimi nazungumza na mgongo wake. Foleni ya benki humfanya apumue kama tairi linalotoboka. Siku ya harusi yetu alikuja kunigongea mlango kabla sijavaa.

Alipokwenda kuoga niliuchukua mfuko ule wa ziada, nikaushindilia chini kabisa ya begi la binti, chini ya soksi. Binti aliniona. Akakaa tu, akanishikia begi. Huyu mtoto tangu mdogo ni mtu wa kukaa. Nikichelewa kumchukua shuleni, nilimkuta kwenye ngazi, mikono mapajani, hata hajanuna.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvushaji amepiga mwenyewe! Kwa simu ya mwenye duka. Jioni, nimetoka kazini, viatu bado miguuni. Kamanda akaweka spika ili sote tusikie. Upepo ulikuwa unasikika kwenye simu kuliko mtu. Maneno yanakuja vipande vipande: habari za huko, kitu fulani ng'ombe, ng'ombe tena, kisha kwa sauti safi kabisa — "nitakuwa mtoni mtondo, asubuhi mpaka jua la utosi. Msikose."

Kamanda akajibu kwa nguvu: Sawa, mtoni Mtondo! Hatukosi!

Kisha ikakata.

Nikauliza Mtondo ni wapi. Kamanda akainamia ramani. Pale njia inapokutana na mto hapana jina, weupe mtupu. Akachukua penseli akaandika kwa herufi kubwa: MTONDO. Akasogea nyuma akatazama kazi yake. Waliochora hawakufika, akasema.

Neno lile lilinigusa mahali. Nilijua nimewahi kulisikia. Nikadhani ni jina la ukoo wa mteja fulani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wameondoka. Pikapu ilikuja alfajiri, Kamanda alikuwa ameshakaa kwenye ngazi na buti zimefungwa. Binti alinikumbatia kwa muda. Baba yake akaita kutoka kwenye gari: "Mwanangu, twende, jua halitusubiri."

Mwanangu. Nilisimama barabarani na taulo la jikoni begani, nikalia kidogo. Si kwa huzuni.

Usiku huu wanalala kijiji cha juu. Kesho asubuhi wanaingia mlimani, na huko simu hazishiki mpaka watokee upande wa pili.

Ramani wameondoka nayo, nami nimeikunja nakala waliyoniachia. Meza ni kubwa jamani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika haraka, maandishi haya mabaya, basi.

Asubuhi nilikuwa dukani. Nilikuwa nasaga lenzi ya bibi mmoja, ya kusomea, mashine inarusha maji yake meupe, na bibi mwenyewe amekaa kwenye kiti cha wateja. Nikamwambia miwani itakuwa tayari keshokutwa. Akasema keshokutwa ana kliniki ya miguu. "Basi nitakuja mtondo, mwanangu."

Nikazima mashine. Nikamuuliza, utakuja wapi?

Hapa hapa dukani, wapi tena? Kesho, keshokutwa, mtondo. Akahesabu kwa vidole kama anamfundisha mtoto. Siku hizi mnasema Jumanne.

Bibi yangu! Ndipo nilipolisikia, kwa bibi yangu mzaa mama, nikiwa na meno ya utoto. Kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo — tulikuwa tunaliimba tukiruka kamba. Likatoka kichwani, likaondoka na yeye.

Yule mtu hakututajia mahali. Alitutajia siku. Alipiga Alhamisi. Kesho Ijumaa, keshokutwa Jumamosi, mtondo Jumapili. Alikuwa anatuambia amebadilisha. Jumatatu ana ng'ombe. Atakuwa mtoni Jumapili, kesho, mpaka saa sita mchana. Na wangu watafika Jumatatu.

Yule bibi aliniletea maji kwenye glasi yangu mwenyewe.

Nimempigia dereva wa pikapu. Yuko njiani anarudi. Anasema aliwaacha nyumba ya mwisho kabisa, akawatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Mzee mbele, binti nyuma. Mzee anatembea kama ameitwa. Nikamwomba ageuze gari, apate mtu wa kuwakimbilia. Akasema barabara imeanza utelezi, ila atampigia mwalimu wa shule ya huko.

Huyo mwalimu wa shule amepiga baadaye. Vijana wawili walipanda, ukungu ukawarudisha. Pole sana, mama.

Simu ya mwenye duka inaita, haipokelewi. Nimepiga, nimepiga. Atakuwa ndani badala ya mlangoni.

Nimemwambia wifi. Nilitegemea aseme "si nilisema". Hakusema. Amekuja na nguo za kulalia.

Jumapili, 13 Oktoba

Amepokea! Mwenye duka. Nikamwaga yote kwa pumzi moja. Akanisikiliza. Akasema ndiyo, mvushaji ameshuka mtoni tangu asubuhi, yuko huko anawasubiri watu wawili.

Anawasubiri. Na wangu bado wako mlimani.

Nikamwomba atume mtu amwambie akae mpaka kesho. Akasema kutoka dukani hadi mtoni ni mwendo wa nusu siku, na mvua imeshika. Mtu atakayeondoka sasa watapishana, maana mvushaji akirudi hupita njia ya malishoni. Lakini atajaribu. Akaniuliza kwa upole, kwani huko mjini siku ya tatu mnaiitaje?

Nikasema hatuiiti.

Nimeuliza habari ya maji. Akasema yamekuwa ya rangi ya chai ya maziwa tangu jana. Nimemuuliza kama mtu anaweza kuvuka kwa miguu. Akasema, mama, hata ng'ombe wetu hatuwavushi.

Wifi anasema Kamanda si mjinga. Najua si mjinga. Mimi simwogopei ujinga. Akifika ukingoni akaona hakuna mtu, nyuma yake kuna siku tatu za kupanda na begi tupu, mbele yake moshi wa kijiji unaonekana. Naijua shingo yake itakavyokaa. Atasema twende, si bahari hii. Atamshika mtoto mkono. Na mtoto, amekaa mwaka mzima akingoja kuitwa mwanangu, atamwambia baba yake hapana?

Wifi amechukua jiko, nyumba inanuka vitunguu, sijala.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikufungua duka.

Mwenye duka amepiga mwenyewe, mchana huu. Aliyetumwa jana walipishana, kama alivyosema. Mvushaji alirudi jioni amelowa, akauliza wale watu wa mjini vipi, mbona wamemdanganya. Leo alfajiri amepandisha ng'ombe. Kamba begani.

Lakini shemeji wa mwenye duka amemfuata malishoni. Kijana mwepesi, anasema, halali njiani. Akimpata leo, mvushaji atashuka mtoni kesho.

Nikauliza kesho Jumanne?

Kesho ni kesho, mama.

Nikamwambia anisamehe, lakini anitajie siku hiyo kwa jina lake. Akalitaja. Kisha akasema, kama si kesho, ni keshokutwa. Ng'ombe wakisumbua sana, mtondo.

Alhamisi. Safari hii nilihesabu kabla hajamaliza.

Nikamwambia kuna chakula. Cha siku mbili zaidi, kiko chini ya begi la binti, na wakila kidogo kidogo kitafika hata tatu. Baba yake hajui. Nilikuwa naongea haraka kama ninayetetea kesi. Wana hema, nikasema. Wana chombo cha kuchemshia maji. Wakikaa tu pale ukingoni, hawatapungukiwa na kitu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, sikuulizi chakula, mama. Hao ni watu wa kusubiri?

Nikasema binti yangu anajua kusubiri. Toka mdogo.

Na baba?

Upepo ukavuma kwenye simu. Nilikuwa nimekaa mezani, pale pale ramani ilipokuwa, na wifi amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Saa ya ukutani inakaribia saa nane. Kwa mpango wa Kamanda, wameshafika mtoni.

Mwenye duka akauliza tena, taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua: njiani huwa anatangulia nani?

Simu bado iko sikioni. Hajakata, namsikia anapumua. Naandika kwa mkono mmoja.