Bi Mkia Chini wa Kagongwa

Shangazi Swaumu, shikamoo. Naomba unishike mkono, maana nina furaha mpaka chakula hakipiti, na ndani ya furaha hiyohiyo kuna kitu kinanikwaruza na sijui nikitoeje.

Mimi ni Mwasiti, naendesha bodaboda hapa Kagongwa, mwanamke peke yangu katika kijiwe cha mashine za kukobolea mpunga, na kazi hiyo ndiyo inayonilisha mimi na mama yangu tangu nilipoachika. Sasa pale kijiweni wenzangu wote wana mtindo wanaouita kupandisha mkia, yaani wanalikunja bati la namba kwenda juu mpaka linalala chini ya kiti ili trafiki akitazama asisome kitu, na mimi sikutaka, langu nimelikaza kwa bolti mbili, limesimama wima chini ya taa ya nyuma, kila asubuhi nalipangusa tope, basi wakanipa jina la Bi Mkia Chini, wakiniona wananibwekea, hasa mwenyekiti wetu Enock, ambaye mwishowe alisimama mbele ya wote akasema mwenye mkia chini anatuchongea kwa trafiki, atafute kijiwe chake. Nikafukuzwa hivyohivyo, Shangazi, nikawa naokota abiria barabarani kama kuku anayechakura jalalani.

Haukupita muda, siku ya mvua, bodaboda mmoja akamgonga Mama Wema, muuza maandazi wa pale mashineni, akamvunja mguu na kukimbia. Dereva alikuwa ndani ya koti la mvua na helmeti, hajulikani mke wala mume, bati lake limekunjwa, kilichochungulia ni herufi ya mwisho tu, na aliyeiona ni Mzee Mabula, mlinzi wa mashine. Sasa unawajua Wasukuma wetu na L na R, wakiomba kula utadhani wanaomba kura. Mzee akaulizwa ni herufi gani, akajibu "era", akaambiwa arudie, akarudia "era" ileile, wala si ela ya L wala si ara ya R. Enock akadakia palepale kwamba mzee anasema ara, na kijiwe kizima kinajua ni nani namba yake inaishia na R. Ni mimi.

Nikaitwa kituoni na pikipiki yangu, mama akanifuata nyuma analia njia nzima, maana tulijua nikifungwa hana wa kumletea hata maji. Nikasimama pale kando ya pikipiki yangu. Afande, mwanamke mwenzangu, akamuuliza mzee bati lilikuwaje, naye akasema lilikuwa limekunjwa kwenda juu. Hapo ndipo akili ikanirudia, kwa sababu bati likikunjwa mara moja, Shangazi, halisahau.

Nikamwambia, "Baba, pitisha kidole kwenye bati langu."

Mzee akainama, akapitisha kutoka juu mpaka chini, akarudia tena taratibu, halafu akamgeukia afande. "Ng'wanone, mwanangu, hili halijakunjwa tangu lizaliwe."

Afande akaagiza pikipiki zote za kijiwe ziletwe, akampa mzee kijiti aichore hiyo era yake kwenye tope. Mzee akachora L iliyonyooka kama ya mwalimu wa darasa la kwanza. Namba inayoishia na L pale kijiweni ni moja tu, ya Enock! Alikuwa amelinyoosha bati kwa nyundo, lakini alama ya mkunjo ilikuwa palepale na rangi imebanduka juu yake. Alikiri akiwa amesimama, hata hakuulizwa mara ya pili.

Nilipotoka nje akina mama wa mashineni walikuwa wamejaa barabarani, vigelegele kila upande, wakafunga matawi ya mwarobaini na kanga mbili nyuma ya pikipiki, zikaning'inia mpaka karibu na tairi, nikazungushwa mji mzima nikipiga honi, na wanaume walewale waliokuwa wakinibwekea wanakimbia mbele yangu kunisafishia njia. Sijawahi kuona siku kama ile, hata siku ya harusi yangu haikufika hapo. Mpaka leo sijazivua zile kanga, nikipita nazo watu wananiita Bi Mkia Chini na mimi naitika kwa sauti.

Tatizo ni hili. Wanakijiwe wamekuja nyumbani, wamekaa kwenye mkeka wa mama, wanataka nirudi na niwe mwenyekiti wao. Mama anasema nisithubutu, watu hao ni walewale. Moyo wangu unataka kwenda, lakini unataka kwanza wapige magoti mmoja mmoja, wabweke kama walivyonibwekea, na najua utanigombeza. Halafu Enock, ambaye kesi yake inaendelea, amemtuma mkewe aniombe kwamba yakiisha nimpokee kijiweni. Nimpokee mtu aliyetaka nifungwe kwa kosa lake?

Mwasiti, Kagongwa

* * *

Marahaba, Mwasiti. Barua yako nimeisoma nimesimama, na pale mzee alipopitisha kidole nilipiga meza mpaka chai ikamwagika. Hongera, mwanangu. Walikubwekea kwa jambo la haki, na haki hiyohiyo ikakutoa kituoni mchana kweupe.

Nenda. Uenyekiti uchukue kwa mikono miwili. Mama yako ana haki ya kuogopa, alikulilia njia nzima, lakini mwambie kwamba aliyefukuzwa kwa kelele akifuatwa mpaka kwenye mkeka, anarudi akitembea katikati ya barabara. Usiwaachie kijiwe ukabaki kuchakura jalalani ilhali umeshinda.

Hilo la kubweka, acha. Umelisema nusu kwa utani, na nusu nyingine nimeiona. Mtu mzima ukimbwekesha leo atatafuta siku ya kukung'ata. Badala ya magoti, waambie washike spana. Siku yako ya kwanza kila mmoja ageuze pikipiki yake, wote watazame nyuma. Bati liwe nyuma, wima, limekazwa lisicheze, lisomeke na mtu aliye mbali, taa iliangaze giza likiingia, na mzigo wala tope visilifunike. Lililokwisha kukunjwa lisipigwe nyundo, lisipakwe rangi, na asiende mtu kuchongewa jingine na fundi wa kichochoroni. Aombe jipya kwa njia halali, na utaratibu aulize kwa wanaohusika, si kwa jirani yake kijiweni. Atakayebisha mpeleke akautazame mguu wa Mama Wema.

Na huyo Mama Wema mbona umemsahau? Umemvunja mguu kwa mstari mmoja ukaendelea na vigelegele! Kazi ya kwanza ya kijiwe chako ni kumpeleka na kumrudisha hospitali mpaka atembee, na zamu ya kwanza uishike wewe mwenyewe.

Enock yuko mikononi mwa sheria, wewe si hakimu. Mkewe hakumgonga mtu, mjibu kwa heshima. Mwambie mumewe akimaliza yake, na kama bado anaruhusiwa kuendesha, atakuja kama wengine, atageuza pikipiki, na bati lake litapitishwa kidole. Kidole chenyewe kiwe cha Mzee Mabula.

Sasa kaa chini, maana nilikuwa nakusubiri hapa. Umesema matawi na kanga vinaning'inia mpaka karibu na tairi, na hujavivua mpaka leo. Mwasiti, kanga hizo zinafunika nini? Mwanamke aliyeokolewa na bati lake anazunguka Kagongwa nzima bati liko gizani, limefunikwa na sherehe yake mwenyewe! Trafiki akikusimamisha utamwambia ni ushindi? Na kanga ikishikwa na mnyororo utalazwa kitanda kilekile alicholazwa Mama Wema.

Toka nje sasa hivi, kabla hujalikunja gazeti hili. Zifungue. Moja jifunge kiunoni, nyingine mfunge mama yako. Lipanguse bati lako, kisha upite mbele ya kijiwe polepole wasome mpaka herufi ya mwisho, mkia chini, kichwa juu.

Shangazi Swaumu