Ushuhuda wa Mama

Madibira, Mbarali,
Jumanne, 14 Mei 2024.

Mpendwa kaka Mathew,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Bariadi, wewe na wifi Lusia na watoto. Kile kifua kimepoa? Najua ukianza kuhubiri unasahau hata kunywa maji. Mimi mwili mzima. Naandika kwa mkono kwa sababu nikikupigia naishia kulia. Mtandao ukikaa sawa nitaipiga picha nikutumie.

Huku mavuno ya mpunga yameanza, na mwaka huu ugonjwa wa majani haukututesa sana. Nimeomba ruhusa kazini Mbeya, nipo nyumbani, lakini sikuja kuvuna.

Kaka, mama anaumwa. Alinikataza kukuambia. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Nilimpeleka hospitali, wakachukua kinyama wakapime, majibu yakaja kwamba ni saratani. Daktari anasema bado haijasambaa, akikatwa mapema anaweza kupona. Akichelewa, tusije tukamlaumu daktari.

Alikubali, akapangiwa siku. Kabla haijafika, mama Esnath na kikundi chake cha maombi wakaja, wakafunga, wakampaka mafuta. Maumivu yakatulia. Jumapili mama akasimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba amepona, vigelegele vikapigwa. Mimi najua kilichotuliza ni vidonge vya hospitali, maana uvimbe upo palepale, nimeugusa. Sisi watafiti tukijaribu dawa ya mpunga tunaacha jaruba moja bila dawa, ndipo tujue kilichoponya ni nini. Kwa mama hakuna jaruba la pili.

Nilipombana akasema, "Nimesimama mbele ya watu, mwanangu, nikasema Bwana ameniponya. Saa hizi nikalale nikatwe, si nitakuwa nimemfanya Mungu mwongo?" Kisha akaniuliza kama huwa nasali. Hajawahi kuniuliza maisha yake yote. Nikamjibu kweli, kwamba siamini kuna wa kutusikia. Tangu hapo kila ninachosema juu ya titi lake ni sauti ya adui. Hata majibu ya maabara hayataki, kisa yamepita mkononi mwangu.

Usidhani nawadharau. Baba alipofariki, hao hao akina mama Esnath ndio waliopika siku zote za matanga, ndio waliomlaza mama mapajani. Sayansi yangu haikuleta hata sufuria. Kuna siku nawasikia wakiimba nawaonea wivu. Kama imani ingekuja kwa kuitaka, mwezi huu ningekuwa nimeshaipata.

Jana mama amenipa sharti. Nikiokoka Jumapili hii, nikapita mbele watu wote wanione, Jumatatu atapanda gari kwenda kukatwa. Hapo, anasema, haitakuwa aibu tena, maana Mungu atakuwa amechukua titi lake na kumpa roho yangu.

Kaka, nakupigia magoti, ongea naye. Wewe ni mchungaji, na ulipasuliwa ngiri ukarudi madhabahuni, hakuna aliyesema Mungu ameshindwa. Mwambie hata kisu ni mkono wa Mungu, kama ndivyo unavyoamini. Wewe atakusikia. Mimi katika kazi yangu sijawahi kuandika nisichokiona, na sitaki kuanzia kwa mama yangu. Naogopa, kaka.

Ukishindwa, nitapita mbele. Nitatubu yote watakayotaka nitubu, na machozi yatakuwa ya kweli. Mama atafurahi kuliko siku niliyohitimu. Akipona, mimi ndiye nitakuwa ushuhuda wake, atanisimulia kila kanisa mpaka anazikwa, na mimi nitakuwa nimekaa pembeni naitikia amina. Wewe ukikosea unaye wa kumwomba msamaha. Mimi sina.

Msalimie sana wifi Lusia, Boniface na Anjela. Mjomba Ndalahwa mwambie nyasi huku bado zipo, asiwe na wasiwasi na ng'ombe wake aliotuachia. Mama yupo uani anapepeta mchele, mkono wa kushoto haunyanyuki vizuri. Anadhani nakuandikia salamu tu. Amesema niandike kwamba Mungu awalinde nyote, nami nimeandika kama alivyosema. Langu mimi ni kuwatakia uzima, na kukusihi usiiache Jumapili ifike.

Mdogo wako akupendaye,
Yunisi