Taruma Lililovunjwa Chini ya Maji

Hosteli ya Wazamiaji,
Barabara ya Bandarini,
Chumba cha juu, upande wa jua.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Baba ameniambia kwamba siku hizi unakanyaga cherehani kwa mguu mmoja, mwingine umeupandisha juu ya kigoda kama bosi, na wateja wanangoja nguo zao bila kunung'unika. Najua hawanung'uniki kwa sababu wanakuogopa. Na macho je? Umekubali kuvaa miwani au bado unamkamata kila anayepita mlangoni akutungie uzi kwenye sindano? Mimi ni mzima, nakula, nalala kiasi.

Najua mwanao alikupigia simu akakwambia ameteguka mguu. Shangazi, si kuteguka. Nimekaa kwenye meza hii tangu asubuhi nikitafuta pa kuanzia, na wewe hupendi mtu anayezungukazunguka. Basi naanza na lililo kubwa: Kiherehere wako yu hai, anakula, anaongea mpaka wauguzi wanamkimbia. Ila miguu yake haijaamka tangu Jumatatu ya wiki iliyopita.

Tafadhali kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Kazi yetu sijawahi kukueleza vizuri, nikihofia utatukataza. Nje kidogo ya bandari, chini kabisa ya maji, kuna meli ya mbao iliyozama zamani, kabla ya babu wa babu yako. Sehemu ya juu imeliwa na wadudu wa baharini, lakini iliyofunikwa na tope imebaki: mbao zake, misumari yake ya mti, hata kamba zilizokunjwa vizuri na mtu aliyedhani atazitumia kesho yake. Sisi tunaifukua. Majembe hayaingii kule. Tuna bomba la kufyonza mchanga, na mkono mmoja unapepea tope taratibu, kama unavyofukuza inzi kwenye uso wa mtoto aliyelala. Kila kipande tunakipima na kukichora huko huko chini kwa penseli, kwenye kibao cha plastiki, halafu kinapandishwa kimefungwa kitambaa kibichi na kutumbukizwa kwenye tangi la maji. Kikikauka tu, kimepasuka.

Siku moja Kiherehere alipata kitana cha mbao, kimepungukiwa meno mawili tu. Alikigeuzageuza mpaka nikamgonga bega kumwonyesha saa. Tulipofika juu alitangaza kwamba mwenye kitana hicho alikuwa na nywele ngumu kama za mama yake. Boti nzima inakujua kwa nywele, Shangazi. Usinilaumu mimi.

Mkuu wetu wa kazi ni mzee mmoja mrefu, mkavu, ambaye wazamiaji wamembandika jina la Milimita kwa sababu hajui kipimo kikubwa kuliko hicho. Yeye na mwanao walikuwa paka na panya. Kiherehere akisogeza jiwe kabla halijapewa namba, anashushwa kazini kwenda kusugua matangi. Na kitu ambacho Milimita alitukataza kuliko vyote ni kugusa taruma moja, yaani ubavu wa meli, lililobaki limesimama upande wa nyuma, nene kama nguzo ya nyumba. Alisema katika maisha yake hajaona jingine kama hilo, na atakayelichubua afungashe virago.

Jumatatu ile tulizama wawili, mimi na yeye, kama kawaida yetu. Bahari ilikuwa imetulia. Muda ulipokaribia kwisha alinionyesha dole gumba, maana yake tupande, akatangulia kwenye kamba. Nilichelewa kidogo nikikusanya vibao vyangu. Hapo ukaja mkondo wa chini, ule ambao walio juu ya boti hawauoni kabisa. Ukasukuma mawe yaliyowekwa tumboni mwa meli kuipa uzito, mawe yakaporomoka, mchanga ukahama, na lile taruma likainama polepole kama mtu anayesinzia. Lilinilalia juu ya kifundo cha mguu. Halikunivunja, maana chini ya mguu palikuwa na tope, lakini lilinishika. Maji yalichafuka, nikawa sioni hata mkono wangu mwenyewe.

Sitakudanganya, niliogopa. Nilivuta na kuvuta, na kadiri nilivyohangaika ndivyo nilivyozidi kumaliza hewa.

Yeye alikuwa ameshafika kituoni. Kituo ni mahali kwenye kamba ambapo mzamiaji lazima asimame na kungoja kabla ya kutoka majini, nami nitakueleza kwa nini, maana ndiyo habari yenyewe. Hewa tunayovuta kule chini, kwa ule mgandamizo wa maji, hupenya mpaka kwenye damu. Ukipanda taratibu inatoka kwa pumzi. Ukipanda haraka inafanya povu mwilini, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Basi Kiherehere alipokuwa anangoja alitazama chini. Hakuniona, aliona wingu la tope tu. Akarudi.

Nilihisi mkono wake kabla sijamwona. Alipapasa mguu wangu, akapapasa ule mti, akajaribu kuchimba kwa vidole, lakini kila alichochimba kilirudi. Mshale wa hewa yangu ulikuwa umeshagusa mwisho. Akanipa kipumulio chake cha pili, tukawa tunavuta mtungi wake mmoja, kichwa kwa kichwa. Kwenye mkoba wangu wa vifaa kulikuwa na mtaimbo mfupi. Aliuchomeka kwenye taruma, akakanyaga jiwe kwa miguu yote miwili, akavuta. Mbao iliyokaa majini muda huo wote ni laini kwa nje kama mkate uliolowa, lakini moyo wake bado mgumu. Niliisikia ikilia. Akavuta tena, ikakatika, mguu ukatoka.

Tukapanda mpaka kituoni, ambako hutundikwa mtungi wa akiba. Ulikuwa mmoja, na wa mgongoni mwake ulikuwa umeshakauka. Tukaanza kupokezana kipumulio, avute yeye, nivute mimi. Halafu alitazama kipimo cha ule mtungi, akaona hautatutosha wawili, akanitazama. Mimi ndiye niliyekaa chini muda mrefu zaidi, kwa hiyo kwa hesabu yake mimi ndiye wa kungoja. Alinirudishia kipumulio mdomoni, akavikunja vidole vyangu kwenye kamba, na nilipotikisa kichwa akanikunjia uso, vile vile unavyotukunjia wewe tukitaka kubisha. Kisha akapanda moja kwa moja. Niliyatazama mapezi yake mpaka yakapotea kwenye mwanga. Mzamiaji aliyekuwa zamu ya uokoaji aliteremka na mtungi mwingine, akanikuta nimeng'ang'ania kamba.

Nilipotolewa majini alikuwa amekaa ukingoni mwa boti, anawahadithia wenzake kwamba nina miguu ya bata ndiyo maana ilinasa. Akaomba chai. Alipoinuka kukipokea kikombe, miguu haikumfuata.

Hospitali wanamwingiza kwenye chumba cha chuma, cha mviringo kama tangi la mafuta. Wanamrudishia mgandamizo ule wa chini ya maji, halafu wanaupunguza kidogo kidogo, ni kama anapanda upya, safari hii taratibu. Kuna kidirisha cha kioo kinene. Mimi hukaa upande huu, tunaongea kwa simu ya ukutani, na jambo la kwanza ananiuliza timu yake imefungwa ngapi.

Daktari ni mama wa makamo, si msemaji. Nilimbana kwenye korido. Alinieleza kwamba povu limegusa uti wa mgongo, kwamba wengine hutembea tena, wengine kwa fimbo, wengine hapana, na kwamba yeye hasemi asilolijua. Juzi dole gumba la mguu wa kushoto lilicheza. Daktari alilitazama, akaguna, akamwambia ajaribu tena. Likacheza tena. Hakutabasamu, nami nikaogopa kutabasamu.

Milimita alikuja siku ya tatu. Nilimwona akitokea mlangoni nikasema moyoni, haya, sasa yamekuja ya taruma. Kiherehere naye alimwona. Akajaribu kujiinua kwa viwiko, akaanza kuomba radhi, kwamba alijua ni lile lililokatazwa, kwamba hakuona njia nyingine. Yule mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mbao ninazo nyingi," alimkatiza.

Kisha akavuta kiti, akatoa chungwa mfukoni, akalimenya, akamlisha kipande kimoja kimoja mpaka likaisha. Siku hizi huja kila asubuhi kabla ya kwenda baharini.

Kufukua kumesimamishwa. Meli inafunikwa tena kwa magunia ya mchanga, maana ikiachwa wazi wadudu wataimaliza. Walipungukiwa watu, nikakubali kuzama. Mikono ilifanya kazi yake. Nilipanga magunia kuzunguka kile kisiki cha taruma, lakini kila mara nilijikuta nageuka kumtafuta Kiherehere. Kituoni nilingoja muda wangu wote na zaidi, mpaka wakaivuta kamba kuniuliza kama ni salama. Nilipotoka nilimwambia mkuu kwamba sizami tena mpaka huyu asimame, au mpaka tujue kwamba hatasimama.

Najua utakasirika, na utaanza na mimi. Una haki. Hakuna siku tuliyotoka nyumbani kwako, tangu tukiwa wa shule, usiniambie nimwangalie huyu mtoto, ana kiherehere. Jina lenyewe umempa wewe. Sasa kila mtu hapa ananiambia nishukuru. Nashukuru, Shangazi, lakini hosteli hii ina ngazi za mbao, na kila nikizipanda nasikia hatua zangu mwenyewe. Uvimbe wa kifundo umekwisha, hata kuchechemea sichechemei. Sijui niuweke wapi mguu uliopona hivi.

Nisalimie Baba, umsomee barua hii taratibu, kwa sababu moyo wake unamwenda mbio kwa mambo madogo kuliko haya. Msalimie Mama Mdogo na wanawe, na shemeji fundi umeme, umwambie redio aliyoitengeneza imefika mpaka hospitali, Kiherehere anaisikilizia mpira. Msalimie na yule mpangaji wa chumba cha uani anayekutungia uzi. Mungu akupe nguvu ya kuipokea habari hii, na akurudishie subira uliyotumia kutulea.

Hapo ndipo Kiherehere alipotaka niishie. Baada ya kubishana sana alikubali nikuandikie ukweli, kwa sharti moja: nikuandikie pia kwamba usije. Goti lako halifai kwa safari ndefu, kazi zako zitalala, na hapa hakuna utakachofanya ila kukaa kwenye benchi na kulia. Hayo ni maneno yake, nimeyaandika kama alivyoyasema.

Sasa yangu. Jana muuguzi alipomgeuza ubavu, maumivu yalimshika mgongoni. Huyu aliyepiga soga na boti nzima povu likiwa tayari mwilini hakutania safari hii. Alisema tu, "Mama," kwa sauti ndogo, halafu akanitazama haraka kuona kama nimesikia. Nilijifanya nafunga dirisha.

Njoo, Shangazi. Nitakupokea mwenyewe kituoni, na ngazi hizi nitakupandisha mimi mgongoni.

Ni mimi nikupendaye,
binti wa kaka yako, uliyemlea wewe