Kibali Chenye Jina la Baba Yako

Mwanangu Elia, kifungua mimba wangu, fundi wa viyoyozi ambaye bila yeye nusu ya Houston ingeyeyuka,

Hapa Cedar Hill tu wazima, isipokuwa sehemu moja ya mwili wa baba yako ambayo nitakuambia mbele, usiruke mistari. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sipati nafasi. Ukipiga tu, baba yako ananinyang'anya. "Lete mwanangu." Utafikiri alikuzaa peke yake. Na barua hii siifungi. Itakaa wazi hapa mezani mpaka Mama Furaha wa kanisani apite kuichukua aipeleke posta. Akitaka kuisoma, aisome, ajue nina mtoto wa namna gani. Na baba yako akiikuta, naye aisome. Nimechoka kuficha.

Unakumbuka Jumapili ile ulipokuja kutoka kwako Stafford na ramani ya Colorado? Ulisogeza sahani zangu, tena sombe yangu ya majani ya muhogo ilikuwa bado ya moto, ukaitandaza meza nzima. Ukamwambia baba yako mnakwenda kuwinda elki. Akauliza elki ndiyo nini. Ukamwonyesha picha: mnyama wa jamii ya kulungu, mwili wa ng'ombe, pembe kama mti uliokauka. Akamtazama muda mrefu.

"Huyu ukimpiga, anambeba nani?"

"Mimi, Papa."

"Wewe? Mama yako mpaka leo anakubebea mifuko ya chakula mpaka kwenye gari."

Tukacheka. Halafu akauliza lile lililokuwa limemkaa kooni. "Na shamba ni la nani?" Kwa sababu hapa Texas tumezoea, kila pori lina waya na kila waya una mwenyewe. Hata yule kulungu wako wa mwaka jana ulimpiga kwenye shamba la bosi wako, kwa ruhusa. Ukaweka kidole kwenye rangi ya kijani. "Hapa hapana bosi, Papa. Hii ni ardhi ya umma."

"Umma ndiyo nani?"

"Watu wote. Wewe ni raia sasa. Kwa hiyo ni wewe."

Akaweka kiganja chake juu ya ile rangi ya kijani, kiganja kilichobeba maboksi ya ghala la Carrollton mpaka magoti yakamchoka, akasema polepole, "Kumbe nina mlima, na hakuna aliyeniambia."

Wewe ulicheka. Mimi nilikwenda jikoni kuangalia wali uliokuwa umeshaiva. Nilikuwa nalia, Elia. Nilimkumbuka yule funo.

Ulikuwa na miaka minane. Tulikuwa kambini, Kigoma. Surua ilikuwa imekukausha ukawa kama kijiti, uji hutaki, maharage hutaki, ukasema unataka nyama. Baba yako, aliyekuwa anawinda na mjomba wake milimani kwetu kabla vita haijatutoa, alivuka mpaka wa kambi akatega kamba. Akanasa funo mmoja, paa wa msituni, mdogo hivi, hata nyama yake isingejaza sufuria. Askari wa wanyamapori wakamkamata akiwa amembeba begani. "Kibali kiko wapi?" Hakuwa nacho. Angekitoa wapi, mtu ambaye hata ardhi aliyolalia ilikuwa ya kuazima?

Siku ya nne nilikwenda kituoni kumwombea, nimekubeba mgongoni, mzito wewe pamoja na ugonjwa wako. Askari wa zamu akauliza nataka nini. Ukateremka. Ukamwambia yule askari, kwa Kiswahili cha shule kilichonyooka, "Nifungeni mimi. Mimi ndiye niliyeomba nyama." Yule askari aligeuka akatazama ukutani. Jioni ile ile baba yako alikuwa nyumbani. Nimewasimulia wanawake wote wa kanisani, wengine mara tatu, na bado nitawasimulia. Nani mwingine ana mtoto kama huyo?

Lakini nikuambie jambo ambalo sijawahi kulisema. Tangu siku ile ulikuwa mdomo wa baba yako. Kwa daktari, shuleni kwa wadogo zako, kwenye leseni ya gari, yeye anasimama kimya na wewe unajibu. Anajivunia. Pia inamuuma. Nimelala naye kitanda kimoja miaka mingi, najua.

Sasa lile la goti.

Majina yenu yalipotoka kwenye ile bahati nasibu ya vibali, baba yako hakulala vizuri wiki nzima kwa furaha. Umeona alivyofaulu mtihani wa uwindaji? Mara moja tu! Nilimtafsiria mimi masomo kwa programu ya simu, mimi wa darasa la sita, kwa hiyo cheti kile ni cha kwetu wawili. Umeona ile fulana ya kuwindia ya rangi ya chungwa uliyomletea? Anaivaa kwenda kutupa takataka. "Kwetu mwindaji anajificha," anasema, "huku anajitangaza kama bwana harusi." Kila asubuhi alikuwa anaweka mfuko wa mchele ndani ya begi, anapanda vilima vya hapa kwenye hifadhi, mimi nyuma yake na chupa ya maji. Wiki ya tatu, kwenye mteremko, goti lilimgeuka. Alianguka kwa upande, mchele ukamwagika njia nzima. Akakaa juu ya jiwe, akaanza kuuokota punje kwa punje, hanitazami.

"Usimwambie mtoto."

"Papa Elia, goti limevimba kama papai."

"Nimesema usimwambie. Ataahirisha. Na mimi mwaka mwingine sijui kama ninao."

Basi nikanyamaza. Ulipopiga simu, nikakuambia baba yako anapanda mlima kama mbuzi. Nisamehe. Daktari amesema atembee, tena kutembea kunamfaa, ila mlima mkali na mzigo mgongoni, hapana. Anatumia fimbo. Ukipiga simu, anaificha nyuma ya kochi, kana kwamba simu ina macho.

Kosa langu la pili ni hili, na hili usicheke. Nimeshamgawa yule mnyama. Wewe unajua utaratibu wetu, nyama ya porini haikai kwenye friji ya mtu mmoja. Mguu wa nyuma nimempa mchungaji. Mbavu ni za Mama Furaha, ameshanunua na sufuria. Shingo ni ya wakwe zako. Ini ni la wazee wawili wasio na meno. Nimehesabu juzi nikakuta nimegawa miguu sita. Kwa hiyo najua unavyofikiri hapo ulipo: Mama anataka twende kwa sababu ya aibu yake. Hapana, baba. Mkirudi mikono mitupu nitasimama kanisani nicheke wa kwanza, na Mama Furaha atapikia maharage kwenye sufuria yake mpya.

Ninachokuomba ni kwamba usiahirishe. Badilisha mpango. Yale mambo ya kupanda siku nzima na kulala juu kabisa, acha. Pigeni hema chini, karibu na barabara. Mtafutie jiwe au kigogo pembeni ya uwanda wa majani, akae na bunduki yake magotini, angoje. Kungoja anaweza kuliko wewe, wewe huwezi kungoja hata chai ipoe. Mnyama akitokea, sawa. Asipotokea, baba yako atakuwa amekaa kwenye mlima wake.

Na moja la mwisho. Uliniambia mwenyewe kwamba kule hupita walinzi wa sare, wanakagua vibali. Nakujua. Utamwona anakuja, utasimama mbele ya baba yako, utaanza Kiingereza chako kile kizuri. Safari hii, mwanangu, rudi nyuma hatua mbili. Kibali chake kimeandikwa jina lake, amekiweka kwenye plastiki moja na cheti cha uraia, na kila asubuhi anajizoeza bafuni jinsi atakavyosema kwa Kiingereza, "Ndiyo, bwana, hiki hapa." Anafikiri maji yananiziba masikio. Atachelewa kufungua ile plastiki. Usimsaidie. Mwache mtu amuulize kibali kiko wapi, na mwache baba yako akitoe.

Nakubusu kipaji cha uso, pale pale palipokuwa na surua.

Mimi niliyekubeba mgongoni,
Mama yako