Kidonge cha Chiriku

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila goti la Bibi linamsumbua. Mikono yako je, imeizoea ile sabuni ya kiwanda cha kufulia?

Chiriku ametimiza miaka mitatu na anaongea mpaka majirani wanatamani likizo. Kila asubuhi nasaga kidonge chake kwenye kijiko cha maji kabla hajala chochote, kama ulivyonifundisha. Analia, anatema, ananiita "dada mbaya". Jana nilichelewa tena. Mwalimu wa zamu akauliza, "Kwani wewe una mtoto nyumbani?" Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, ili isijulikane.

Nimekukumbuka.

Binti yako


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mikono inachubuka lakini kazi inakwenda. Mwambie mwalimu ndiyo, una mdogo wako aliyezaliwa na tezi ya shingo isiyofanya kazi, na kile kidonge ndicho kinachomkuza mwili na akili. Bibi macho hayamsaidii. Nakutegemea wewe tu. Usiruke siku hata moja.

Mama yako


11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini uko salama. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Chiriku amepunguza maneno. Mikono yake ni ya baridi, choo kigumu, anasinzia hata akiwa amekaa. Kliniki walimpima damu, majibu yakawa mabaya. Daktari akaniuliza, "Dawa unampaje?" Nikasema, "Kwa maji, kabla ya kula." Basi akamwandikia kipimo kikubwa zaidi.

Nilidanganya, Mama. Tangu ile barua yako nilikuwa nasaga kidonge kwenye kikombe cha maziwa, ili asilie, nami niwahi kengele. Kila mara alibakiza nusu. Siku sikuruka hata moja.

Tulipofika nyumbani nikawaza: nikimpa sasa kipimo hicho kikubwa kwa njia sahihi, hakitamzidi? Kesho yake nikarudi kliniki peke yangu, na sare ya shule. Daktari akanisikiliza, akafuta alichoandika. "Kipimo kilekile cha zamani, kwa maji. Maziwa yanaizuia dawa," akasema. "Umefanya vema kurudi." Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

Nisamehe.

Binti yako


30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako niliisomea nyuma ya mashine, mara tatu. Sina hasira. Nilikutwika kazi ya mtu mzima, nikakaa mbali. Nilinyamaza nikisubiri jibu la msimamizi wa bweni letu la wafanyakazi. Amekubali nikae na mtoto mmoja. Jumamosi nakuja kumchukua Chiriku. Wewe soma.

Mama yako


14 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mlifika salama? Ulikaa saa mbili tu, nikasahau kukwambia: Chiriku hakubali dawa akiwa amesimama. Mkalishe juu ya ndoo iliyopinduliwa. Baada ya hapo msimulie chochote kwa nusu saa, asiikumbuke njaa. Akiuliza dada yuko wapi, mwambie yuko shule.

Ni kweli niko shule. Siku hizi nafika kabla lango halijafunguliwa. Mwezi huu nimekuwa wa tatu darasani. Bibi huniita Chiriku kwa kusahau, nami naitika.

Mama, chumba chenu kinaweza kuingia godoro lingine, hata jembamba? Nauliza tu.

Binti yako