Besi Nyuma ya Nondo

Jumapili, 12 Novemba 1623

Nimechoka. Hata kalamu ni nzito.

Leo kwenye Masifu ya Jioni nimefanya upuuzi. Sista Deodata alikuwa anaimba kilio chake cha Magdalena kaburini – sauti moja tu, na udi mkubwa wa nyuzi ukimsindikiza, mtindo huu mpya. Kwenye kiitikio hutakiwa sauti nzito ya besi. Sista Orsina, mwenye besi yake, alikuwa kalala akiumwa jino. Pakawa patupu. Nami kitini, nimeviringishwa blanketi – nikaimba! Besi yote, hadi mwisho. Kwa miaka yangu sabini na tisa!

Deodata akanigeukia, macho yamemtoka. "Mama Leonilda, nani kakufundisha?"

"Ukuta," nikamwambia. Chumba chake kimepakana na changu.

Jumanne, 14 Novemba

Balaa. Waumini hukaa upande wa pili wa nondo za kanisa letu la watawa, hutusikia, hawatuoni. Kwa uzito wa sauti yangu, sasa Bologna nzima inasema tumeficha mwanamume.

Mpwa wangu Ercolano kaja dirishani na kokwa za chestinati za kuchoma, anacheka hadi anapaliwa. "Shangazi, wanasema ana ndevu!"

"Anazo. Tatu, kidevuni."

Akanisimulia mchezo aliouona Mantova, wa kuimbwa mwanzo hadi mwisho. Watu wanaimba hata salamu. Kuna mzee anakufa huku anaimba.

"Pumzi anaitoa wapi?" nikauliza. Mimi kuvaa soksi tu natweta.

Alhamisi, 16 Novemba

Monsinyori Quaranti, mkaguzi wa askofu, amekuja. Kinanda kimetiwa lakiri kisipigwe. Mama Mkuu alimweleza kwamba mwanamume huyo ni mimi.

"Yule anayelishwa uji kwa kijiko? Mama, hata uongo una staha!"

Atarudi sikukuu ya Mtakatifu Sesilia. Niimbe mbele yake, wimbo uleule. Nikishindwa, basi humu zitabaki zaburi za wote kwa sauti moja, na Deodata hataimba peke yake tena maishani.

Ijumaa, 17 Novemba

Ingenipasa nifurahi. Niliingia humu nikiwa na miaka tisa. Tulisimama mbele ya kitabu kikubwa, wote tukiimba mstari mmoja, na hakuna aliyejua sauti ipi ni ya nani. Baadaye zikaja sauti tano, hii inaingia, ile inaifuata. Nimezifundisha nusu ya umri wangu. Maneno yalizama, lakini hakuna aliyelia peke yake. Deodata alipoleta vilio vyake nilimwambia mbele ya wote: "Hapa ni kwaya. Machozi yako kayauze jukwaani."

Kwa padri nimeungama yote: hasira, ulafi wa matunda ya asali, kusinzia kwenye sala. Hili sijamwambia. Kila alasiri niliacha rozari nikauwekea sikio ukuta ule. Kitabu kikubwa kilinifundisha kutokuwa mtu. Wimbo huu unaniita kwa jina. Sijui kama ni sala. Na kuutubu – siwezi. Nikifa leo, nakufa nao.

Tangu jana ukuta uko kimya. Sikudhani kimya kinachosha hivi.

Jumapili, 19 Novemba

Nimejaribu. Ni upepo tu uliotoka.

Tabibu kasema, "Pumzi hiyo ni ya kufia, Mama, si ya kuimbia."

Deodata akaketi kitandani pangu. "Acha, Mama. Nitaimba zaburi kama wengine. Sitakufa kwa hilo."

"Utakufa. Lete udi."

"Uko chini yako." Kumbe kauficha uvunguni mwangu, mkaguzi asiuchukue! Nani angempekua maiti mtarajiwa?

Jumatano, 22 Novemba. Mtakatifu Sesilia

Wamenibeba na kiti hadi nyuma ya nondo. Naandikia gotini. Udi una nyuzi nyingi, na baridi imezilegeza zote. Deodata anakaza mmoja, mwingine unashuka.

Monsinyori amechungulia. "Mwimbaji yuko wapi?"

"Ndiye mimi, baba."

Akainamia nondo. Kisha, kwa upole – upole ndio ulioniuma – "Bibi, si lazima. Nenda ukalale."

"Nitalala tu, baba. Sina haraka."

Sista Orsina kachekea ndani ya mkono wa kanzu. Monsinyori akamuuliza Mama Mkuu, "Anaandika nini?"

"Dhambi zake."

"Mpaka sasa?"

Padri yuko pale mlangoni na mafuta ya wagonjwa. Ningemwita angekuja, nikamwambia lile la ukuta. Sikumwita.

Nyuzi zimekubali. Deodata ameinua uso. Ananitazama mimi, si Monsinyori. Besi huingia baada ya mstari wa tatu.

Ameanza. Mwanangu – polepole hivi, ananingoja.

Mstari wa pili. Yule mzee wa Mantova. Sasa najua pumzi anakoitoa –